Nyumba Tuliyoiwekea Akiba

Jumatatu, 5 Mei

Da Safaa, shikamoo.

Ile Iddi ndogo, ulipokuwa unaondoka kurudi Kilifi kwa mumeo, uliniambia kwamba kwenye simu sote tunasema "hatujambo" tu, kwa sababu Mama amesimama karibu, na bando linakwisha. Ukasema, "Niandikie wewe, Raiya. Wala usinipambie." Basi nimenunua daftari, na nimeweka nia ya kukuandikia kila kitu, cha heri na cha aibu, nisikufiche hata kimoja. Likijaa nitalituma kwako kwa mkono wa mtu.

Leo mvua imenyesha tangu alfajiri. Bahari imekuwa rangi ya chai ya maziwa kwa ule udongo unaoletwa na mto Sabaki. Baba alikaa dukani mpaka adhuhuri bila kuuza hata leso moja, akarudi, akasema, "Wanawake wa Malindi wameamua kutembea uchi," na Mama akamwambia astaghfirullah huku akicheka.

Tena nikupe habari za Mtaa, mchezo wetu wa simu. Najua uliuacha. Ulisema siku ile unapakwa hina, "Mtaa nakuachia wewe, mke wa mtu hachezi na wanasesere." Mimi bado naucheza kwenye simu ya Mama, nusu saa, baada ya kumaliza kazi za shule. Wasichana wetu wawili, Safi wako na Rai wangu, bado wanapanga kile chumba kimoja juu ya duka la mikate. Rai anashona, Safi anauza maua. Ile nyumba ya baharini yenye baraza na vyumba viwili bado inauzwa, sarafu elfu ishirini, na hakuna aliyeinunua kwa sababu Mtaa ni wetu peke yetu. Nina zaidi ya nusu ya akiba. Nimeazimia kuinunua kabla shule haijafungwa, na siku hiyo nitakupigia simu hata kama Mama amesimama karibu.

Jumanne, 6 Mei

Mvua. Mtihani mdogo wa hisabati. Akiba imeongezeka.

Jumamosi, 10 Mei

Mama ameanza kupaka chokaa chumba chako. Masika haya! Ukuta wenyewe unatoka jasho.

"Mama, si tungengoja jua?"

"Mimi nimekuomba rai, Raiya? Nipe brashi."

Alipaka kuta zote, akafua na chandarua. Sikuuliza tena, lakini nitakwambia ukweli kwa kuwa niliahidi: nadhani ananiandalia mimi. Natimiza miaka kumi na mitano mwezi ujao. Nimeshaanza kuchagua meza yangu itakaa upande gani. Usikasirike.

Jioni alikuja Zeina, yule rafiki yangu anayekaa Kisumu Ndogo, ambaye humjui vizuri lakini ulipata kumwona, mwenye sauti. Nilimpa neno la siri la mchezo likizo iliyopita, apate kuingia kwa simu ya kaka yake aone chumba chetu. Leo aliitazama simu akashika kiuno.

"Hawa watu wako mbona wamenuna?"

"Hawakununa. Wanaweka akiba."

"Unawalisha nini?"

"Mkate."

"Na jana?"

"Mkate."

"Raiya wallahi wewe ni bahili hata kwa watu wasiokuwepo. Mnunulie mwenzio hata kachiri za muhogo!"

Nikamweleza kwamba kila sarafu ya kachiri ni tofali la nyumba. Akaniambia nikiolewa nimwonee huruma huyo mume.

Jumatano, 14 Mei

Jambo la ajabu. Leo nilipofungua Mtaa nilikuta sahani ya maembe mezani, na maembe yenyewe ni ghali. Safi alikuwa amesimama karibu nayo, anatabasamu. Mimi sikununua maembe. Akiba imepungua.

Jumapili, 18 Mei

Pazia za kijani. Na supu ya kuku! Sikuzinunua mimi.

Mtu mmoja tu ndiye mwenye neno la siri zaidi yangu na wewe, na wewe uliacha kucheza. Sitaki kumdhania mtu vibaya. Nitangoja.

Jumatatu, 19 Mei

Stima imepotea siku nzima, simu haina chaji. Sijacheza.

Ijumaa, 23 Mei

Da Safaa, nimelia, na nimeona haya kulia kwa ajili ya mchezo, kwa hiyo nililia chooni.

Kitanda cha mtoto. Mtu amenunua kitanda cha mtoto, kile cha kubembea chenye nakshi, kitu cha ghali kuliko vyote katika duka la Mtaa baada ya nyumba zenyewe. Kimewekwa katikati ya chumba chetu mpaka Rai hana njia ya kufika kitandani kwake. Akiba ya miezi mitatu! Na hatuna hata mtoto! Watu wangu wamekula mkate mkavu, wameshona na kuuza maua katika mvua (kule nako hunyesha), halafu mtu anaingia na kuichezea kazi yangu kwa kunicheka.

Nikakiuza hapohapo. Duka hurudisha nusu ya bei tu, lakini sikujali. Nikauza na pazia. Kisha nikabadilisha neno la siri, sasa nalijua mimi peke yangu.

Jumatatu, 26 Mei

Nimemkabili Zeina wakati wa mapumziko, penye mabomba ya kunawia mikono. Nilipanga kusema kwa adabu, lakini maneno yalitoka vingine.

"Kama ulikuwa na wivu ungeniambia."

"Wivu wa nini?"

"Umekula akiba yangu. Maembe, supu, mpaka kitanda cha mtoto."

Akageukia wasichana waliokuwa foleni. "Mnasikia jamani? Mimi ndiye mwizi wa maembe ya kwenye kioo! Nimekula supu ya kuku ya simu, tazameni nilivyonenepa!" Wote wakacheka. Nami nikadhani imekwisha kwa kicheko, lakini alipogeuka kwangu macho yake yalikuwa yamejaa maji. Akasema polepole, "Simu ya kaka iliuzwa mwezi wa nne, Raiya. Ningeingilia wapi?"

Sikumwamini. Hata sasa ninapoandika sijui kama namwamini.

Jumapili, 1 Juni

Mvua. Zeina amehamia dawati la nyuma.

Jumamosi, 7 Juni

Iddi kubwa imekuja na hukuja. Mama alipika biriani ya watu kumi nasi tukala watatu. Baadaye alifika shemeji Jaafar peke yake, na halua, na salamu zako. Alisema una homa ndogo. Mama akamchukua uani, wakanong'ona kwa muda mrefu karibu na tangi la maji, na nilipopeleka chai wakanyamaza.

Nikuambie ninavyomwona shemeji? Simpendi sana. Anazungumza kidogo, na nadhani ndiye aliyekukataza kucheza. Nilimuuliza, "Da Safaa bado anacheza Mtaa?" Akatazama kikombe chake. "Siku hizi hapana," akasema. "Umemfungia."

Nilidhani anatania.

Jumamosi, 14 Juni

Akiba inakaribia. Hakuna anayenunua chochote tena. Watu wangu wamenuna sana hata mchezo umeanza kuwakata mshahara, kwa sababu mtu asiye na raha hushona vibaya. Sikujua kanuni hiyo. Nikihesabu, mkate mkavu umenichelewesha.

Nimegundua pia kwamba sina mtu wa kumwambia hayo.

Jumanne, 17 Juni

Da Safaa, leo sijui nakuandikia wewe au namwandikia nani.

Nilirudi kutoka shule nikamkuta Mama amevaa buibui, mkoba uko mlangoni, na simu sikioni. Alikuwa akisema, "Damu nyingi? Nyingi kiasi gani, Bi Ummulkheir? Niambie kweli, mimi ni mama yake." Bi Ummulkheir ni mkweo, kwa hiyo nilijua ni wewe.

Mama aliponiona alikata simu. Nikamuuliza dada ana nini. Akasema, "Muombee." Nikauliza tena. Akasema, "Raiya, mpikie baba yako wali, samaki yumo kwenye sufuria, usisahau kufunga tangi." Akaondoka na mvua ile.

Nikapika wali ukaungua. Baba akala bila kusema neno, na Baba hajawahi kula wali ulioungua bila kusema neno. Baada ya magharibi tulikaa mkekani, akanisomesha Yasin pamoja naye, na alipofika katikati sauti yake ikakatika, nami nikaendelea peke yangu mpaka akajiunga nami tena.

"Baba, dada ana mimba?"

Akafuta macho kwa ncha ya kikoi. "Mimi sikusema kitu," akasema. "Wewe ndiye uliyesema."

Nikaenda chumbani kwako nikasimama katikati ya zile kuta nyeupe. Ndipo nikaelewa chokaa. Kwamba mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama yake mtu, na mzazi hukaa humo arubaini yote, akakandwa na kunyweshwa uji wa pilipili manga. Nikakumbuka lile dera pana ulilovaa siku ya Iddi ndogo, na mimi nikakwambia umenenepa kwa raha ya ndoa, ukacheka. Kisha nikakumbuka maembe.

Da Safaa, kitanda kile kilikuwa chako.

Alhamisi, 19 Juni

Mama amerudi leo mchana kuchukua nguo. Amesema u hai, na mtoto yu hai, anapiga teke. Madaktari wamekuzuia, unalala mpaka siku ya kujifungua, usinyanyue hata ndoo wala usipande gari. Amesema hayo yote akiwa amesimama, kisha akakaa chini sakafuni na kuvua viatu vyake kama mtu aliyetembea kwa miguu kutoka Kilifi.

Nilimletea maji. Nikamwambia yangu yote, maembe na pazia na kitanda na neno la siri. Nikamuuliza kama ni mimi niliyekuletea damu, kwa kukiuza.

Mama akanitazama kwanza kama hakunielewa. Kisha akanivuta, akanilaza kichwa mapajani kama zamani.

"Kitanda cha kwenye simu hakimtoi mtoto tumboni, mwanangu. Hayo ni ya Mungu. Ulipoteza sarafu za kioo, basi."

"Mbona hamkuniambia?"

"Wa kwanza alitutoka mwezi wa Rajabu mwaka jana, hata hakutimiza miezi mitatu. Tulikuwa tumeshamwambia kila mtu. Safari hii dada yako aliogopa macho ya watu."

"Mimi ni watu, Mama?"

"Wewe humwambia Zeina kila kitu. Na Zeina ana mama."

Nilicheka na kulia pamoja. Mama akaendelea, akinichana nywele kwa vidole. Alisema Bi Ummulkheir hakuruhusu kitu chochote cha mtoto kiingie nyumbani kabla ya siku yake, hata soksi moja, kwa vile ilivyotokea mara ya kwanza. Na wewe ulikuwa huwezi kula. Chakula kilikuwa hakikai. Ulikuwa unalala kitandani, mumeo anakwenda kazini, na ukipata nguvu unafungua Mtaa unamlisha Safi yale uliyotamani wewe. Na kitanda ulikinunua huko kwa sababu huko hakuna jicho la mtu.

"Siku moja akakuta mlango hauingiliki," Mama akasema. "Hakutaka kukuuliza, ungetaka kujua anachotafuta ndani. Jaafar ndiye aliyeniambia kwamba alilia. Akaniambia, Mama, yule mke wangu halii kwa maumivu, analia kwa mchezo."

Nami nilisema simpendi. Naliacha neno lile hapo juu bila kulifuta kwa kuwa niliahidi kutopamba, lakini nataka ujue kwamba nimelirudisha.

Ijumaa, 20 Juni

Neno jipya la siri nilimpa Mama jana alipoondoka. Nalo ni jina la yule paka wetu aliyekufa, unalijua.

Leo nilimfuata Zeina mpaka kwao baada ya shule. Barabara ya Kisumu Ndogo yote ni matope, kiatu kimoja kilibaki humo nikakirudia. Mama yake alikuwa akikaanga mahamri mlangoni, akanipa moja kabla sijasalimia vizuri. Zeina alitoka na mikono imekunjwa.

"Umekuja kupekua? Maembe nimeyaficha uvunguni."

"Nimekuja kukuomba radhi. Hukuchukua kitu."

"Najua sikuchukua. Nani alichukua?"

Da Safaa, ulimi ulikuwa mwepesi mno. Lakini mama yake alikuwa palepale na mwiko wake. Nikasema, "Mwenye haki navyo. Siwezi kusema zaidi."

Zeina akanichungulia uso. Nadhani aliona kitu, maana aliacha utani. Akanivua kile kiatu cha matope, akakiosha kwa maji ya mtungi, akasema, "Kaa basi ule, bahili wangu."

Jumamosi, 21 Juni

Mama amerudi leo na simu yake. Nimekirudisha kitanda. Bei kamili. Safari hii nimekiweka upande wa dirisha, wote wawili wapate njia. Nimerudisha na pazia za kijani. Akiba ya nyumba imebaki kidogo sana, na nilipoangalia kilichosalia nilitazamia kuumia, ikawa sikuumia. Nikamnunulia Safi supu.

Jumapili, 22 Juni

Nilipofungua asubuhi nilimkuta Rai amevaa viatu vyekundu. Vipya! Na mbele yake pilau. Na uso wake, wallahi, umebadilika, anacheka mpaka meno.

Nimembusu Mama shavuni, simu yake mkononi mwangu, maana wewe hupo.

Jumatano, 25 Juni

Jua, siku nzima! Leso tatu zimeuzwa. Rai amepandishwa mshahara.

Jumamosi, 28 Juni

Leo Bi Ummulkheir alifika kwetu mwenyewe, na mkoba wa ukindu na dawa zake za miguu. Sikuwahi kumwona bila wewe. Siku zote nilimwogopa, kwa yale macho yake na jinsi anavyoshika ushungi. Alikaa na Mama ukumbini, nami nikatiwa kazi ya kupepea mkaa, kwa hiyo nilisikia.

Mama alisema kwamba chumba ki tayari, na kwamba tangu bibi zake hakuna mtoto wa kwanza wa ukoo huu aliyezaliwa nje ya nyumba ya mamake, na kwamba watu watasema binti yake hana kwao. Alisema gari liende polepole. Alisema atakutandikia magodoro mawili nyuma.

Bi Ummulkheir alimwacha amalize. Kisha akasema, "Mwenzangu, mimi nimezika wawili kwa kung'ang'ania kwenda kwetu. Barabara ilikuwa mbovu, nami nilikuwa mkaidi kama wewe. Namsugua miguu mwanao kila asubuhi kwa mafuta ya nazi, namwambia, usiondoke. Kama ni kosa langu, nisamehe. Lakini usimwite."

Hata mkaa niliacha kuupepea.

Mama alijifuta uso kwa ushungi. Nilidhani atakataa. Akasema, "Haya. Basi mimi ndiye nitakayekuja. Mtoto hatauliza nyumba ni ya nani." Wakashikana mikono, na Bi Ummulkheir ndiye aliyeanza kulia, na Mama akamwambia, "Nyamaza sasa, shoga yangu, utanipandisha presha." Shoga! Jana alikuwa anamwita "yule bibi".

Nilipomletea chai, Bi Ummulkheir alinishika kidevu. "Ndiwe uliyemfungia mlango?"

"Ndimi, shikamoo."

"Marahaba. Usimfungie tena. Akicheza ule mchezo wenu ndipo anapokunywa uji."

Ijumaa, 4 Julai

Mvua zimebaki rasharasha. Bahari inaanza kuwa buluu kwa mbali.

Mama anakuja kwenu kesho asubuhi, na chupa ya mafuta ya nazi, na pilipili manga, na chandarua, na kila kitu alichokuwa amekiweka katika chumba chako isipokuwa kuta. Atakaa nawe mpaka Jumapili, arudi kutupikia juma moja, kisha aje moja kwa moja mpaka arubaini ipite. Baba amesema ataishi kwa mahamri ya mama yake Zeina na hataki kuhurumiwa.

Daftari halijajaa, lakini nalituma kwa mkono wa Mama. Ameapa hatalifungua. Ukilisoma utaona nilivyokudhania na nilivyowadhania wengine, nami nimeacha kila neno mahali pake.

Lipo jambo moja sijakwambia. Niliposema nataka ile nyumba ya baharini ya vyumba viwili, nilikuwa nawaza hivi: ikipatikana, Safi atakuwa na chumba chake, na dada mwenye chumba chake hana sababu ya kuondoka. Nilikuwa nakuwekea akiba urudi. Sasa naona Kilifi una kitanda chako, na mumeo, na bibi anayekusugua miguu, na huwezi kuja kwetu hata kwa magodoro mawili. Sikasiriki. Nimeliwaza usiku na mchana, nikaona kwamba mimi sijazuiwa na daktari kupanda gari.

Shule inafungwa tarehe mosi Agosti. Mama anasema kujifungua kwako ni katikati ya mwezi huo, inshallah. Najua kuosha nepi. Najua kupika uji wala hauungui kama wali. Nalala popote, hata jikoni, na sitamwambia mtu kitu.

Mama anarudi Jumapili jioni, kwa hiyo mpe jibu alilete, Da Safaa, nami nitakuwa mlangoni: je, hapo kwenu pana nafasi ya kutandika mkeka mmoja zaidi?